Maji jikoni, kabati limevunjika, na mume hasemi

Barua

Bibi, shikamoo.

Nakuandikia nimekalia ndoo ya rangi niliyoigeuza, maana sofa imelowa na viti vya plastiki vimebanwa nyuma ya kitanda kisichosimama. Tulihamia Goba Jumamosi iliyopita kutoka Tabata Kimanga. Leo Alhamisi. Mimi na mume wangu tunasemeshana kupitia mtoto: "Mwambie baba chakula tayari." Mtoto mwenyewe ana miaka saba na ameshachoka kutumwa.

Kimanga tulikaa miaka sita, vyumba viwili, choo cha kuchangia na wapangaji wengine. Alipozaliwa wa pili nikasema basi, tutafute nyumba ya kujitegemea. Mume wangu alikubali, ila yeye yuko dukani Kariakoo tangu alfajiri hadi usiku, kwa hiyo kazi ya kutafuta akaniachia mimi. Nilizunguka na dalali wiki tatu, kila nyumba Sh 10,000 ya kuonyeshwa, hata zile ambazo alijua kabisa zimeshapata mtu. Ya mwisho ndiyo hii. Vyumba vitatu, kimoja masta, jiko la ndani, uzio na geti, Sh 350,000 kwa mwezi. Niliambiwa kwa bei hiyo ni bahati. Rangi ilikuwa mpya, bado inanukia. Dalali akasema imekaa wazi miezi minane kwa sababu mwenye nyumba "anachagua watu". Nikajiona nimechaguliwa. Tukalipa miezi sita na mwezi mmoja wa dalali, Sh 2,450,000. Ni akiba yetu yote, pamoja na pesa ya mchezo niliyoomba nipewe kabla ya zamu yangu.

Siku ya kuhama, mume wangu alitaka tukodi Canter, mzigo wote uende mara moja. Mimi nikasema kirikuu, safari mbili, tunabakiza Sh 40,000. Dereva aliambiwa saa moja asubuhi, akafika saa sita kasoro. Safari ya kwanza ilikwenda salama. Ya pili mvua ilitukuta pale Ubungo, turubai halikutosha, magodoro yakanywa maji. Friji ililazwa kwa sababu ikisimama ilikuwa inayumba. Mtungi wa gesi nao umelala pembeni. Na juu ya friji, Bibi, wakafunga kabati la mama.

Naomba nikueleze habari za hilo kabati. Ni la vyombo, la mninga. Marehemu mama alilinunua Keko mwaka 1994 kwa faida ya vitenge alivyokuwa akitembeza. Lina milango miwili ya kioo iliyochorwa maua, na droo ambayo huwezi kuivuta mpaka uinyanyue kidogo upande wa kushoto. Humo zilikaa sahani za wageni, na mimi ndiye pekee niliyeruhusiwa kuzifuta vumbi. Mama alipofariki miaka miwili iliyopita, ndugu zangu waligawana vitu vingine, mimi nikaomba kabati tu. Nilimwambia mume wangu siku tatu kabla: hili lipande peke yake, livikwe blanketi. Tulipoacha lami na kuingia njia ya mtaani, ile ya mashimo, nikasikia mlio. Vioo vyote viwili vimekwenda, mguu mmoja umekatika. Mume wangu akashuka, akatazama, akasema, "Hili nalo lilishazeeka." Vijana wa kubeba wakacheka. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, na mtaa mpya mzima unanitazama.

Baada ya hapo ni vurugu tu. Bolti za kitanda hazionekani, tunalala chini. Sofa ni ya L, imegoma kupita mlangoni, ikalala barazani na mvua ikaimaliza. Bomba halitoi maji, tumenunua ya boza. Nilinunua umeme wa Sh 20,000, zikakatwa Sh 12,000 za deni nisilolijua, na tokeni ikakubali siku ya pili baada ya kuhangaika. Jumapili usiku ikanyesha tena, maji yakaingia jikoni kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye vifundo vya miguu, yakachukua mfuko wa mchele. Tulifagia hadi saa nane usiku. Hapo ndipo mume wangu aliposema, "Nyumba umeichagua wewe." Nikamjibu, "Na kabati la mama umelivunja wewe." Mpaka leo.

Mwenye nyumba nikimpigia anasema atatuma fundi. Dalali hapokei simu. Wifi yangu anasema nyumba ina mkosi, tuhame. Aliyetujali ni mama mmoja wa nyumba ya pili tu, ambaye usiku wa kwanza alituletea mihogo ya nazi kwenye bakuli, tukala kwa tochi ya simu.

Bibi, nihame? Na kama sihami, nianzie wapi? Kila boksi ninalofungua lina kitu kisicho na mahali pa kukaa.

Mgeni wa Goba

Jibu la Bibi

Marahaba, mjukuu wangu. Pole sana, na pole nyingine kwa ajili ya mama.

Wifi yako mwambie nimesema nyumba haina mkosi. Mimi nimehama mara kumi na moja hapahapa Dar es Salaam, na sijawahi kuhama bila kuvunja, kupoteza au kugombana. Mwaka 1982 tulitoka Magomeni kwenda Kinondoni kwa mkokoteni, na babu yenu akaliweka jiko la mchina juu ya debe la unga bila kumwaga mafuta ya taa kwanza. Wakati huo unga ulikuwa wa foleni, unaamka saa tisa usiku kupanga jiwe lako. Tuliula vilevile. Kila tonge lilikuwa na harufu ya kibatari, na kila tonge nilimtazama. Kwa hiyo ugomvi wenu naujua hadi ladha yake.

Sasa nisikilize. Umechanganya mambo mawili kwenye beseni moja, ndiyo maana huoni pa kuanzia. Kuna mambo ya safari: dereva kuchelewa, magodoro kulowa, bolti kupotea, sofa kugoma. Hayo mwakani utawasimulia wageni, watacheka, nawe utacheka. Halafu kuna mambo ya nyumba yenyewe. Hayo hayaishi kwa kupanga maboksi, na ukiyanyamazia wiki hizi za mwanzo yanakuwa yako. Mwenye nyumba atasema umeyakuta ukayaridhia, au wewe ndiye uliyeharibu.

La nyumba, kwa barua yako, ni moja. Kabati umelipa aya nzima, nami nimeisoma mara mbili. Maji yaliyoingia jikoni umeyapa sentensi mbili, nyuma ya bolti na tokeni. Mimi yangenikosesha usingizi hayo kuliko yote.

Nyumba ya vyumba vitatu, ina geti, bei ya bahati, na imekaa miezi minane bila mtu kwenye jiji ambalo chumba kikiachwa wazi asubuhi jioni kina mpangaji. Mwenye nyumba hakuwa anachagua watu. Watu ndio waliokuwa wakija, wanauliza, wanaondoka. Na ile rangi mpya iliyokufurahisha, kaichunguze. Nenda jikoni na tochi, iwashe ukiwa umeiegemeza ukutani, mwanga upite kwa ubavu. Tazama kuanzia sakafuni hadi magotini. Ukiona rangi imevimba kama malengelenge, au plasta inatoa chumvichumvi nyeupe, au kuna mstari hafifu unaozunguka ukuta kwa kimo kimoja, ujue maji hayakuja Jumapili kwa mara ya kwanza. Gusa na milango ya kabati la jikoni upande wa chini, mbao iliyokunywa maji hujitenga kama kurasa za daftari. Simtuhumu mtu. Nakwambia pa kutazama.

Mvua ikinyesha tena, na masika haya itanyesha, mmoja wenu achukue mwavuli atoke nje aone maji yanatokea wapi. Yanashuka kutoka barabarani? Yanatoka kwa jirani wa juu? Mfereji wa nyuma umeziba kwa majani na mifuko? Au uwanja wenyewe umeinamia mlangoni? Tofauti ni kubwa. Mfereji ulioziba ni kazi ya koleo na kijana mmoja. Uwanja ulioinama unataka kifusi, zege na pesa ya mwenye nyumba. Huku unasubiri, jaza viroba vya mchanga, vipange mlango wa nyuma viwili viwili kwa kupandana kama tofali, na kila kilicho sakafuni jikoni kipande juu ya tofali. Soketi za chini usiziguse kukiwa na maji. Yakikaribia, zima swichi kubwa kwanza ndipo ushike fagio.

Mwenye nyumba acha kumpigia. Simu ni upepo. Piga picha za jiko, za mlango wa nyuma, za ukuta, na video mvua ikiwa inanyesha. Mtumie kwa WhatsApp na maneno machache yenye tarehe: siku fulani maji yaliingia kiasi hiki, nimekutaarifu, naomba lirekebishwe kabla ya siku fulani. Mpe wiki mbili. Akijibu kwa simu, ukikata tu mwandikie: "Kama tulivyoongea, umesema fundi anakuja Jumanne." Akisema rekebisheni ninyi mtakatana kwenye kodi, aliandike yeye mwenyewe kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Nimeona wapangaji wengi wakijenga nyumba za watu kwa ahadi ya mdomo.

Akikausha, nenda kwa mjumbe wako na ofisi ya serikali ya mtaa. Ulipaswa kwenda kujitambulisha hata hivyo, wewe ni mgeni, nenda na mkataba wako. Wao ndio wanaomjua mwenye nyumba na ndio wanaoujua mtaa huo ukinyeshewa. Likishindikana hapo lipo baraza la kata, ingawa tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, halihukumu tena. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba zamani, nayo ikafutwa mwaka 2005, ndiyo maana leo mtu anakudai miezi sita kwa mkupuo na huna pa kumshitaki. Lakini Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ina sehemu nzima ya upangaji, na haki yako haiishii kwenye huruma ya mtu. Mkataba usome wote leo usiku. Tafuta panaposema nani anatengeneza nini, na panaposema ukitaka kuondoka kabla ya muda unafanyaje.

Umeuliza kama uhame. Uhamie wapi, mjukuu wangu, na kwa pesa ipi? Sh 2,450,000 zimeshatoka, za dalali hazirudi, na mchezo umeshaula. Kaa. Pima wiki hizo mbili. Mwenye nyumba akitengeneza, umepata nyumba nzuri kwa bei nzuri. Asipotengeneza na maji yakaja tena, hapo dai kodi ya miezi iliyobaki, kwa maandishi na picha zako mkononi, huku ukitafuta kwingine taratibu. Na safari hiyo utakwenda kuiona nyumba siku ya mvua.

Hilo deni la LUKU ni kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa humo humo unaponunua umeme. Ilianza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda hadi Sh 1,500. Mtu asiponunua umeme inajikusanya. Gawa 12,000 kwa 1,500 uone: miezi minane kamili. Angalau katika hilo dalali hakukudanganya, nyumba kweli imekaa bila mtu. Sasa kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Hiyo 12,000 ni ya miezi ambayo hata jina la mtaa huo ulikuwa hulijui. Hifadhi ule ujumbe wa manunuzi, mwambie akurudishie au aikate kwenye kodi ijayo. Na hizo 1,500 za kila mwezi nazo kubalianeni mapema, maana ndogondogo ndizo zinazoleta matusi.

Lakini umeme kuchelewa kulikusaidia. Friji iliyosafiri imelala haiwashwi ikishushwa tu, mafuta ya kompresa huwa yamehama mahali pake. Inasimamishwa wima, inaachwa saa kadhaa, na kama ililala safari nzima basi usiku mzima. Ungekuwa na umeme Jumamosi ungeiwasha kwa haraka ya maziwa ya mtoto, na leo tungekuwa tunazungumzia fundi friji.

Mtungi wa gesi unitendee hili leo kabla hujapika. Usimamishe, ukague mpira kama umepasuka au umekakamaa, funga regulata, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio na ufungue gesi. Povu likitoa mapovu yanayokua, funga, toa mtungi nje, ita muuzaji. Kiberiti kikae mbali.

Na kitasa. Umebadilisha kitasa? Hujasema, kwa hiyo hujabadilisha. Dalali anao ufunguo, fundi rangi alikuwa nao, na mpangaji aliyetangulia sijui. Nunua vitasa viwili, mlango wa mbele na wa nyuma, kabla ya pazia na kabla ya zulia.

Sofa ya L huwa ni vipande viwili vilivyoshikwa kwa kulabu chini. Ipindue uone, au papasa kwenye kona. Ikiachana, kila kipande kisimamishwe wima kiingie kwa mgongo. Ikigoma bado, fungua miguu, na mlango utolewe kwenye bawaba, unaongeza vidole viwili vitatu na mara nyingi hivyo ndivyo vilivyokuwa vinakosekana. Madirishani usihangaike, nyumba zetu zina nondo. Kabla ya kuiingiza ikauke kwanza, mito isimamishwe juani, igeuzwe, na mtu asiikalie hata kama inaonekana kavu juu. Ndani bado mbichi, na ukungu ukiingia hautoki.

Bolti za kitanda ziko kwenye mfuko wa suruali ya mmoja wa wale vijana. Au kwenye sufuria. Mimi zangu mwaka 1990 nilizikuta kwenye buli. Usizitafute tena, nenda duka la vifaa na bolti moja ya mfano kutoka kwenye chaga, ukose ukose utapata za saizi hiyo. Siku nyingine zitie kwenye soksi, soksi ifungwe kwenye ubao wa kichwani.

Kuhusu maboksi, huna haja ya kuyamaliza. Leo fungua ya kulalia tu: mashuka, vyandarua, nguo za kulala. Goba ikinyesha mbu wanazaliwa, chandarua cha mtoto kitangulie. Kesho fungua ya jikoni, nusu. Yale ya mapambo na picha za harusi yaache yasubiri hadi ujue ukuta upi haunywi maji. Sare na daftari za huyo mkubwa zitafute usiku huu huu, maana mtoto aliyekuwa akibeba salamu za baba na mama wiki nzima hastahili kwenda shule na soksi moja.

Sasa kabati.

Mume wako alikosea, na alikosea mara mbili. Ulimwambia livikwe blanketi lipande peke yake, akaacha likafungwa juu ya friji. Kisha akatamka lile neno mbele ya vijana. La kwanza ni uzembe wa mtu aliyenyeshewa na dereva anampigia kelele. La pili ndilo lililokukata. Ila mimi nimeishi na wanaume wa aina hiyo, na "lilishazeeka" mara nyingi ni neno la mtu aliyeona alichofanya, akapata aibu, akatafuta pa kuiweka. Simtetei. Nakwambia tu kwamba huenda hakumaanisha mama yako.

Na la "nyumba umeichagua wewe" nalo ni lake. Alikutuma peke yako wiki tatu na dalali, hakuja hata siku moja kuzigonga kuta, halafu maji yalipoingia akakumbuka nani alichagua. Hilo mwambie kwa utulivu.

Lakini kuna la kwako. Canter ilikuwa wazo lake. Canter ingebeba kabati likiwa limesimama, friji imesimama, kabla ya mvua ya Ubungo. Uliokoa Sh 40,000, na umelipa magodoro, vioo viwili na mguu. Ukienda kuzungumza naye, anza na hilo la Canter. Usilizungushe. "Ulisema Canter, nikakataa, nilikosea." Ukishalitamka hilo, yeye hana ukuta wa kujificha nyuma yake, na huenda utashangaa kitakachofuata. Halafu mwambie habari za kabati jinsi ulivyonieleza mimi: droo inayonyanyuliwa kushoto, sahani ulizokuwa unafuta. Naona barua yako hii nimeielewa vizuri kwa sababu ulinieleza hayo. Yeye umewahi kumweleza? Au anajua tu kwamba ni kabati lililotoka kwa mama?

Mtoto awe amelala. Na msizungumze jikoni.

Usimwite fundi nyumbani, na usilipeleke wewe. Alipeleke mume wako, Jumapili akiwa hana duka, alirudishe Keko lilikotoka. Mafundi wa huko wanajua mninga wakiugusa. Mguu uchongwe wa mninga, asikubali kuwekewa mbao ya paini ikapakwa vanishi ifanane, utaona tofauti kabla ya mwaka kwisha. Kioo chenye maua ya aina ile sidhani kama utakipata, na usimsumbue kukitafuta. Weka kioo cheupe. Vipande vya zamani, kama bado mnavyo, chagua kimoja chenye ua zima, fundi akisugue kingo, ukitie ndani ya droo. Na droo hiyo mwambie fundi asiitengeneze. Iendelee kunyanyuliwa.

Limebaki bakuli la mihogo. Najua bado liko kwako, kwenye vurugu hilo limewekwa juu ya boksi fulani, labda lina misumari ndani. Lioshe. Kesho asubuhi pika maandazi, hata kumi tu, kwenye hilo jiko ulilolipima kwa sabuni, ulifunike kwa kitambaa safi ulipeleke nyumba ya pili. Mwambie huyo mama jina lako na la watoto. Akikukaribisha kaa, unywe chai yake. Usimwulize habari za maji. Atazitaja mwenyewe.